Mkeka wa Inchi Nne

Fundi mmoja wa makochi, ambaye mtaa mzima ulimwita Nusu Inchi kwa sababu hakuwahi kusamehe kosa la kiasi hicho, alipiga magoti asubuhi moja chini ya kiti cha mteja akashindwa kuinuka. Si kwamba alianguka. Alishuka mwenyewe vizuri, akapigilia misumari yake minne, akaridhika nayo, na alipotaka kusimama mgongo ukamuuliza: wewe ulishuka kwa ruhusa ya nani?

Alikaa pale chini robo saa nzima akijifanya anakagua miguu ya kiti. Mwishowe shemeji yake, mdogo wa mke wake, ambaye walikuwa wakifanya kazi pamoja karakanani mwaka wa kumi na moja sasa, aliweka mkasi mezani akaja kumnyanyua kwa kumshika makwapa.

"Shemeji," alisema akipangusa mikono, "miaka sitini na minane si mchezo. Mimi naona tufike mwisho wa mwezi ujao, halafu kazi za chini uniachie. Na nyundo uniachie. Wewe utakaa pale mlangoni upokee wateja, uwachagulie vitambaa."

"Nikae mlangoni kama kufuli?"

"Kama bosi."

"Bosi asiyeshika nyundo ni pambo."

"Basi uwe pambo, shemeji. Mbona hata mapambo yanapanguswa vumbi kila siku?"

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mikono mepesi na maneno matamu kwa wateja. Tatizo lake lilikuwa moja: kwake yeye "inatosha" ilikuwa kipimo, kama vile futi na mita. Nusu Inchi alipofikiria karakana yake ikipimwa kwa "inatosha", chakula cha mchana hakikushuka.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai, kisha akasema, "Pale juu ya duka la rangi wamebandika tangazo. Yoga kwa wanaoanza, umri wowote, Jumanne na Alhamisi jioni."

"Yoga ni ya watu wenye mifupa ya mpira, mama watoto."

"Tangazo halikusema mpira. Limesema wanaoanza. Wewe umeshaanza?"

"Bado."

"Basi wamekuandikia wewe."

Nusu Inchi alikuwa amepata cheti chake cha sekondari katika masomo ya jioni, akiwa na miaka arobaini na tatu, darasa moja na vijana waliomwita babu. Tangu hapo hakuingia katika somo lolote bila kujiandaa. Alitoa daftari jipya, akapiga mstari pembeni kwa rula, akaandika maswali kumi na saba. Kuhusu mkeka hakuandika kitu. Tangazo lilisema kila mtu aje na wake, na mambo ya kulalia na kukalia ndiyo kazi iliyomlea yeye na watoto wake wanne. Nani angemfundisha hilo?

Alikata sponji ya daraja la kwanza, unene wa inchi nne, urefu wake mwenyewe na akiba kidogo. Akaivika mahameli ya kijani iliyobaki kwenye kazi ya mtu, akaizungushia uzi wa pembeni, akaitia kishikio cha kubebea. Kazi hiyo ilimla siku mbili. Jumanne jioni aliibeba begani, na watu wawili njiani wakamuuliza anahamia wapi.

Ukumbi ulikuwa mdogo, sakafu ya vigae, na harufu ya rangi ikipanda kutoka dukani. Watu walikuwa wanane. Mwalimu alikuwa dada mmoja mwenye umri sawa na kitindamimba wa Nusu Inchi, mwenye sauti ya mtu asiyeharakishwa na chochote.

"Shikamoo mzee. Karibu. Hicho ni nini?"

"Marahaba, mwalimu. Ni mkeka wangu." Akautandaza. Mwanafunzi mmoja, dereva wa lori aliyestaafu na kubaki na tumbo lake, akapiga mluzi wa kusifia. Nusu Inchi akaukubali mluzi huo kwa kuinamisha kichwa, kisha akafungua daftari.

"Nina maswali machache kabla hatujaanza. La kwanza: ni lazima mtu awe na viungo laini ndipo aanze?"

"Wewe unafanya kazi gani, mzee?"

"Natengeneza makochi."

"Ukiletewa kochi bovu, unamwambia mwenyewe akalitengeneze kwanza ndipo alilete?"

Nusu Inchi aliandika: *Hapana.* "La pili. Chakula?"

"Kizito, saa mbili kabla au zaidi. Chai kidogo haina neno."

"Mimi nimekula sasa hivi," dereva alisema.

"Tutajua tu," mwalimu akamjibu. "Endelea, mzee."

"Mavazi?"

Mwalimu aliutazama mshipi wake wa ngozi na suruali iliyopigwa pasi ikasimama. "Nguo isiyokubana ukiinama. Mshipi leo ulegeze. Na soksi uvue, zitateleza."

"Na hii ni dini?"

"Hapa ni mwili na pumzi tu. Unakosali, endelea kusali huko huko."

"Maumivu?"

"Kuvutwa ni sawa. Kuchomwa si sawa. Ukichomwa, rudi ulikotoka, usione haya."

"Jamani," dereva alisema, "huyu mzee ametuletea mtihani wa taifa."

Walianza. Kuvuta pumzi kwa pua, kutoa kwa pua, hilo aliliweza. Kunyoosha mikono juu, hilo pia. Akaanza kujiona mtu. Kisha mwalimu akasema wasimame kwa mguu mmoja, unyayo wa mguu wa pili ukiegemea mguu uliosimama, chini ya goti, kama mti. Nusu Inchi akainua mguu wa kulia. Wa kushoto ukazama ndani ya sponji ya daraja la kwanza. Sponji ikamsukuma kulia, akajirekebisha. Ikamsukuma kushoto, akapiga mbizi hewani kwa mikono miwili, kisha akaenda mzima mzima mpaka kwenye tumbo la dereva. Dereva naye akaenda mpaka ukutani. Hakuna aliyeumia.

"Angalau mimi nilikula," dereva alisema akiwa ukutani. "Vinginevyo ungegonga mfupa."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nusu Inchi hakucheka. Mwalimu alichuchumaa akabonyeza mahameli kwa kidole gumba.

"Kazi hii ni nzuri mno, mzee. Lakini hiki ni kitanda."

"Sponji hii haibonyei miaka kumi!"

"Leo imebonyea. Mguu wako unatafuta sakafu, hauioni. Mkeka wa yoga ni mwembamba, usioteleza, ili ujue uliposimama. Magoti yakiuma, unakunja blanketi unayawekea. Basi." Akamletea mkeka wa mpira wa darasa. Nusu Inchi akatoa futi ya utepe mfukoni, akapima unene.

"Milimita sita! Mwalimu, hiki ni kitambaa cha meza."

"Panda."

Akapanda. Sakafu ilikuwepo. Alihisi kila kidole chake cha mguu, vyote kumi, vikishika kazi. Miaka arobaini alikuwa akiuza ulaini, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulainishiwa mpaka akaanguka.

Usiku ule alimwambia mkewe kwamba harudi tena.

"Uliuliza maswali yote?"

"Kumi na saba."

"La mkeka ulikuwa umeliandika?"

Alifungua daftari, akapekua, akalifunga.

"Na lile la kuinuka kutoka chini? Maana ndilo lililokupeleka."

Hilo pia hakuwa ameliandika. La mkeka aliliacha kwa sababu alidhani analijua. La kuinuka aliliacha kwa sababu lilimtia aibu, mtu mzima kuuliza jinsi ya kusimama. Alhamisi alirudi, na watu walipokwisha kuondoka aliliuliza huku akiutazama ubao wa matangazo.

Mwalimu hakucheka. Alilala sakafuni, akamwonyesha. "Usinyanyuke kama unavyolala, kifua mbele. Geuka ubavu kwanza. Pumzika hapo pumzi moja, hakuna anayekufukuza. Sukuma kwa mkono, uje kwenye magoti. Mguu mmoja mbele. Sasa toa pumzi, panda."

"Na mkono usipofika chini vizuri?"

"Ipandishe sakafu." Akamsogezea tofali la mbao. "Wewe usihangaike kuifuata."

Jambo hilo lilimwingia Nusu Inchi moja kwa moja, kwa kuwa lilikuwa jibu la kifundi. Kesho yake alichonga matofali mawili kutoka kwenye mabaki ya miguu ya meza, akayapiga msasa, na kila alfajiri alishuka na kupanda chumbani, mkewe ameketi kitandani na saa ya mkononi kama refa. Wiki ya kwanza aliishia kung'ang'ania kitanda. Wiki ya tatu tofali moja lilitosha. Ya tano alipanda bila tofali, ila kwa siku nzuri tu. Siku mbaya bado zilikuwepo, na Shemeji hakuambiwa lolote. Mwezi aliowekewa ulikuwa umebakiza siku mbili.

Siku hiyo ndipo alipokuja daktari wa meno, amekunja uso.

"Mafundi, lile benchi langu la wagonjwa mlilolitengeneza juzi limezama katikati. Jana mama mmoja amekaa, magoti yakamfika kidevuni. Alikuja kung'olewa jino, akataka kunishtaki kwa kiuno."

Benchi lile alilitengeneza Shemeji peke yake. Lilikuwa limefungwa ukutani kwa boliti, haligeuzwi wala halivutwi. Mikanda inayobeba sponji ilipaswa kukazwa kutoka chini, mtu amelala chali. Walipofika kwa daktari, Shemeji alijaribu kuingia chini yake. Mabega yaligoma. Akajaribu kwa ubavu, tumbo likagoma.

"Inatosha kuweka ubao kati—" alianza.

"Haitoshi," alisema Nusu Inchi. "Nipe nyundo."

"Shemeji, tafadhali. Hapa kuna watu."

Kweli walikuwepo, wagonjwa watano ukutani, mmoja shavu limevimba kama amebana chungwa. Nusu Inchi alipiga goti, akaweka mkono, akalala chali kwenye vigae baridi, akajisogeza ndani. Akaweka misumari mdomoni. Mikanda ilikuwa imelegea kiasi cha kupitisha ngumi. Akaing'oa mmoja mmoja, akaisuka upya, juu, chini, juu, akivuta mpaka ilipolia ikiguswa kwa kidole. Nusu saa. Kisha akajisogeza nje, na hapo ndipo mgongo ulipokaza kama siku ile ya kwanza.

"Mzee kakwama," alisema mgonjwa mmoja.

Shemeji akainama haraka, mikono ikielekea makwapani.

"Niache," Nusu Inchi alisema, misumari miwili bado mdomoni. Akaitoa, akaiweka mfukoni bila haraka. Akageuka ubavu. Akavuta pumzi moja, akaiacha itoke yenyewe. Akasukuma mkono. Goti moja likaja, la pili likachelewa, likaja. Maumivu yalikuwa ya kuvutwa, si ya kuchomwa, aliyapima, akayaruhusu. Mguu mbele. Akatoa pumzi, akapanda, akasimama wima katikati ya chumba, suruali imejaa vumbi.

Mwenye shavu alitaka kushangilia, shavu likamkataza, akapiga makofi.

Daktari alikaa kwenye benchi, akaruka ruka kidogo kama mtoto. "Sasa hili ni benchi. Kuna jingine chumba cha ndani, linaanza kulegea. Na lile nani atalifanya?"

Shemeji alimtazama Nusu Inchi kuanzia viatu mpaka kichwani, kama mtu aliyeletewa kiti ambacho hajui kilitengenezwa wapi. Nyundo ilikuwa bado sakafuni kati yao. Akainama kuiokota, mwenyewe akaguna njiani, akamkabidhi.

"Fundi atalifanya," alimwambia daktari. "Mimi nitamkatia mikanda."

"Ukate kwa futi," alisema Nusu Inchi, "si kwa macho." Akavua viatu, akaingia chumba cha ndani.