Uzito wa Tamimu

Saa moja asubuhi ndege ilipimwa uzito, ikazidi kilo sitini na moja. Mwanamina, aliyeajiriwa kufuta paneli za jua, hakuhitaji kuuliza sababu. Kaka yake Tamimu alikuwa amekaa juu ya bawa la kushoto, miguu inaning'inia, tundu la risasi lingali kifuani. Alikufa mwaka jana, siku wakulima wa kijiji cha Mtawanya walipokataa kuacha mashamba yao kupisha uwanja huu wa ndege.

"Dada, mwambie ashuke," alisema Fabiani, meneja wa mradi. "Leo rubani Nicolaus anatakiwa afike mita elfu kumi na nane juu. Hii inakwenda kwa jua tu, haibebi abiria."

"Kaka, shuka."

"Nimekuja kuvuna," Tamimu alijibu. "Mpunga wangu mmeuweka wapi?"

Walitazama lami. Fabiani akamwita Ismaily, mlinzi, ambaye ndiye aliyempiga Tamimu risasi ile ya kwanza. Ismaily alipanda ngazi akampiga rungu kwenye vidole. Tamimu aling'ang'ania ukingo wa bawa. Vidole vikavunjika kimoja kimoja, vikimwaga damu juu ya paneli, vikilia kama makopa ya muhogo mkavu, mpaka akaanguka chini. Ismaily, akiwa palepale ngazini, akamlenga akampiga risasi ya shingo.

Mwanamina aliipiga ngazi teke. Mlinzi alianguka, mfupa wa mguu ukachomoza nje ya suruali. Mwanamina akamtwanga usoni kwa ndoo yake ya maji hadi wanaume wawili walipomshika mikono.

"Safu mbili za kushoto hazitoi umeme," Nicolaus alisema kutoka chumba cha rubani. "Zina damu."

Mwanamina akapewa kitambaa, maana ndiyo kazi yake. Damu ilikuwa ya moto. Hilo ndilo lililomliza. Mwaka mzima alijifariji kwamba kaka yake hasikii tena maumivu.

Saa nne ndege iliruka, kimya kabisa. Wageni waliokuja kushuhudia wakapiga makofi.

Alasiri ndugu walimzika Tamimu katika kaburi lake lilelile, walilolikuta wazi. Shekhe hakumswalia, alikwisha kuswaliwa. Kutoka makaburini Mwanamina alikwenda kituoni kushtaki. Askari wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Marehemu hauawi, mama," alisema kwa upole. "Na jalada la mwaka jana lilishafungwa. Ila mguu wa Ismaily ni wa mtu aliye hai. Jina lako nani?"

Mwanamina alilitaja, kisha la baba, kisha la babu, kwa kuwa fomu ilitaka majina matatu.