Picha ya Ng'ombe Mzima

Shemeji aliingia kliniki bila kubisha hodi, akatua dumu la maziwa juu ya meza ya kupimia mbwa, akasema, "Kunywa."

"Meza hiyo ni ya wagonjwa," daktari alisema.

"Ndiyo maana nimeliweka hapo."

Dumu lilikuwa la lita ishirini, limejaa hadi shingoni. Kituo cha kukusanyia maziwa kilikuwa kimelikataa asubuhi ile, siku ya tatu mfululizo. Lile la juzi na lile la jana yalimwagwa mtaroni.

Daktari alikuwa mke wa kaka yake, na kwa miaka tisa ndiye aliyewatibu ng'ombe wake watano. Chanzo cha balaa kilikuwa blogu ya daktari. Kliniki mpya iliyofunguliwa ng'ambo ya barabara ilikuwa na blogu, na wateja walikuwa wakivuka mmoja mmoja. Daktari akahudhuria semina ya nusu siku, ambapo mshauri wa mitandao aliwafundisha madaktari wa mifugo namna ya kujulikana. Aliandika mashauri manne kwa mwandiko mdogo, ulionyooka: simulia kisa cha kweli, usitaje mteja, ficha uso wa mtu, tumia picha ya mnyama anayependeza, kwani hakuna anayebofya picha ya ng'ombe aliyekonda.

Aliyafuata yote. Kisa kilikuwa cha kweli: ng'ombe wa mfugaji wa mbali alitupa mimba ya miezi saba, kwa ugonjwa unaoweza kumwingia binadamu kupitia maziwa mabichi. Maelezo yalikuwa sahihi hadi nukta ya mwisho. Picha ilikuwa ya Bi Harusi, ng'ombe wa shemeji, aliyepewa jina hilo kwa uso wake mweupe kama aliyefunikwa shela. Daktari aliipiga mwaka uliopita, siku ya chanjo, shemeji akiwa ameshika kamba. Uso wa shemeji aliufunika kwa ukungu. Uso wa ng'ombe aliuacha.

Hapo ndipo elimu yake ilipompiga chenga. Wafugaji hawamtambui ng'ombe kwa mtu aliyeshika kamba. Humtambua mtu kwa ng'ombe wake. Kabla ya adhuhuri msomaji mmoja alikuwa ameshauliza chini ya makala, "Jamani, Bi Harusi kapatwa na nini?" Makala ilisomwa na watu elfu nne na mia moja. Hakuna aliyewahi kusoma kazi ya daktari kwa wingi huo.

"Ifute," shemeji alisema.

"Picha nimeshaitoa."

"Umeitoa kwako. Kwenye simu za watu je? Andika kwamba ng'ombe wangu ni mzima."

"Nitaandika nikishampima."

Shemeji aliangua kicheko kikavu. "Ulipomtangaza mgonjwa hukumpima. Kumtangaza mzima ndiyo unataka damu?"

"Sikuandika kwamba ni yeye."

"Uliweka sura yake! Nikibandika picha yako juu ya tangazo la mwizi, nitajitetea kwamba jina sikuandika?"

Daktari alitafuta kosa katika hoja hiyo, hakuliona. "Damu, shemeji," alisema. "Bila damu sina cha kuandika."

"Usiniite shemeji mbele ya dumu hili. Kaka yangu alioa daktari, hakuoa gazeti."

Damu ilitolewa jioni hiyohiyo. Shemeji alishika kamba, midomo ameibana. Daktari alichoma mshipa wa shingo, akajaza kichupa, akanakili namba ya hereni ya sikioni.

"Nakili na uso," shemeji alisema. "Usije ukausahau."

Majibu yalirudi siku ya nne: hana ugonjwa. Daktari akaandika masahihisho ya mistari miwili: picha iliwekwa kimakosa, na ng'ombe huyo amepimwa, ni mzima. Baada ya siku mbili yalikuwa yamesomwa mara ishirini na sita. Mara nne kati ya hizo alikuwa yeye mwenyewe, akiangalia yamesomwa mara ngapi.

Maziwa yakaendelea kumwagwa. Shemeji akapiga simu. "Kipimo anakutaka kituoni. Asubuhi, foleni ikiwapo. Na karatasi yako uje nayo." Akakata.

Kipimo ndilo jina walilompa mpokeaji wa maziwa kituoni, mama mfupi ambaye hakuwahi kumwamini mtu wala dumu. Alikuwa mlangoni, kijiti cha kioo cha kupimia maziwa mkononi, na mbele yake wafugaji kama thelathini, kila mmoja na dumu lake.

"Mpisheni mwandishi," mmoja alisema.

"Ficheni ng'ombe zenu, asije akawapiga picha!"

Kipimo aliisoma karatasi pole pole, akaigeuza, akasoma na mgongo wake usio na kitu. "Umeandika picha iliwekwa kimakosa. Kimakosa vipi? Uliwafananisha ng'ombe wawili?"

Ilikuwa njia ya kutokea, na ilikuwa wazi. Kukosea ni kwa kila mtu. Daktari alifungua kinywa kuitumia, lakini Kipimo hakuwa amemaliza.

"Kwa sababu kama uliwafananisha siku ile, nitajuaje hukuwafananisha tena? Hii damu ni ya Bi Harusi, au ya ng'ombe gani?"

Shemeji alikuwa akitazama dumu lake.

Daktari alilipima swali kama alivyopima kila kitu. Akisema alikosea, karatasi haina thamani, na dumu litarudi mtaroni. Karatasi ingesimama kwa jibu moja tu, na jibu hilo ndilo lililokuwa kweli.

"Sikuwafananisha," alisema. "Namjua Bi Harusi tangu alipozaliwa. Nilijua siye aliyeumwa. Nilimweka kwa sababu anapendeza."

"Kwa hiyo si kosa."

"Si kosa. Ni uongo."

"Njia ya mwongo fupi," mzee mmoja alisema, na watu wakacheka, ila si kwa wema. Wawili wa mbele walikuwa wateja wake. Hawakumtazama usoni.

Kipimo alikunja karatasi, akaitia mfukoni. Akachovya kijiti ndani ya maziwa ya shemeji, akakisoma, akasema, "Mimina."

Daktari alimsubiri shemeji getini. Alitoka na dumu tupu, akampita, kisha akasimama.

"Chanjo ya mwezi ujao usije."

"Utamwita wa ng'ambo ya barabara?"

"Ana mkono mwepesi, wanasema. Na hana kamera."

"Anayo. Ana na blogu." Daktari alifunga vifungo vya koti lake. "Mwambie aangalie kwato za nyuma za Bi Harusi, mguu wa kushoto. Zimerefuka. Zisipokatwa ndani ya wiki mbili, ng'ombe atachechemea."

Shemeji alilihamisha dumu mkono wa pili. "Iandike kwenye blogu," alisema, akaenda zake.