Nguo za Mtoto, Pea Tatu

Jana yake nesi alipitisha kipimo juu ya tumbo la binti mara tatu, akamwita daktari, daktari naye akapitisha, kisha wakatazamana. Moyo wa mtoto haukusikika. Wakamwambia arudi kesho saa tatu asubuhi aanzishiwe uchungu, na wakampa karatasi ya vitu vya kuja navyo, ile ile wanayopewa wajawazito wote.

Basi asubuhi mama yake alipiga magoti mbele ya begi, akapanga kanga, pamba, sabuni na ndala. Nguo za mtoto aliziacha kabatini, akaurudisha mlango polepole, kama mle ndani kuna aliyelala.

Mkwewe, mume wa binti, akaingia na karatasi mkononi. Alikuwa mwashi, na mtaa mzima ulimwita Pimamaji, kwani ukuta hauamini mpaka aupime.

"Mama, umeruka namba saba. Nguo za mtoto pea tatu, kofia, soksi."

"Nimeiona, baba."

"Mbona hazimo?"

Mama akajitia kukunja kanga iliyokwisha kukunjwa.

"Mimi nikiona mabati yameagizwa, najua kuta zipo," mkwe akasema. "Nani anaagiza bati la kiwanja kitupu? Hawa watu wamesoma, mama. Wangeandika nguo za nani?"

Akachuchumaa karibu naye. Tangu aoe humo, wawili hawa walitegana vitendawili kila wakikutana, na mkwe ndiye aliyezoea kugawa miji.

"Kitendawili."

"Tega," mama akaitika, mazoea tu.

"Mgeni wangu yu njiani, mizigo imetangulia."

Jibu alilijua. Hata mtoto wa darasa la kwanza angelijua.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua uutakao, baba. Chukua yote."

Akamtazama yule mwanamume mzima, saruji ingali kwenye kucha. Asipomwambia yeye, ataambiwa ukumbini hospitali, mbele za watu.

"Karatasi ile imechapwa, mwanangu. Anapewa kila mtu. Hawakuiandika kwa ajili yenu."

"Wewe umekata tamaa mapema, mama."

"Pimamaji." Binti alikuwa kitandani, amewapa mgongo, wala hakugeuka. "Tangu juzi hajacheza. Nimekunywa maji baridi, nimelalia ubavu huu na huu, nimemwimbia. Nyumba yake ni mimi. Ningejua."

Mkwe akaketi sakafuni, pwaa, kama mfuko uliotoboka. Akalia, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Baadaye binti akasema, "Mama, weka pea moja. Ile ya njano. Asizikwe na shuka la hospitali."

Mama akaitoa. Aliikunja mara mbili tu, ikaenea kiganjani. Mkwe akaipokea, akaiweka mwenyewe juu ya kanga, kisha zipu ikamshinda. Mama ndiye aliyeifunga.

Nje, jirani yao muuza mboga aliliona begi, akaacha kupanga nyanya.

"Aa, siku imefika. Nendeni watatu mrudi wanne. Na akiwa wa kike ni jina langu, msinidhulumu."

Binti hakusikia, au alijifanya hakusikia.

"Amina, mwenzangu," mama akajibu, akamshika bintiye kiwiko wakaendelea kutembea.