Miguu ya Cherehani

Msasa alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe umemchoka. Wiki tatu mfululizo alikuwa anashinda karakana anakwangua viti vya watu, kisha anarudi nyumbani kukwangua vyake. Waliompa hilo jina hawakukosea: mikono yake ilikuwa inakwaruza hata shuka.

Alikuwa anamwandalia mama yake chumba. Mama alikuwa anaishi kwa kaka mkubwa. Analala stoo na magunia ya mkaa, analea wajukuu watatu, anafua, mgongo unamuuma, halafu shemeji anawaambia watu, "Mama yuko kwetu anapumzika." Msasa mdomo wake hauna breki. Alikwenda akasema pale sebuleni, mbele ya wageni, kwamba huko si kupumzika, ni kuajiriwa bila mshahara.

Kaka akacheka. "Utamlaza wapi wewe? Juu ya maranda?"

"Nitampa chumba ambacho wewe huna."

"Haya. Kikiwa tayari mchukue, siku nne. Siku ya nne napita. Nikikuta hajatoa nguo kwenye begi, narudi naye, na huo mdomo ukaufunge na gundi yako."

Basi Msasa akaingia mtaani kuokoteza. Kitanda cha chuma alikipata gesti iliyofungwa, akakisugua kutu, akakipaka kijani cha chupa. Mapazia mazito mekundu aliyatoa kwenye ukumbi uliovunjwa. Dirisha bovu akalitia kioo, likawa la kujitazamia. Taa ya mafuta akaipitisha waya na balbu. Ila fahari yake ilikuwa meza. Kwa Mzee Kutu, muuza chuma chakavu, alikuta cherehani ya kukanyaga, miguu yake imesukwa maua ya chuma. Akafungua kichwa, akakiacha palepale, akabeba miguu. Juu akalaza ubao wa mlango wa shule, akaupiga vanishi mara tatu mpaka unaona meno yako. Aliipiga picha, na wateja wawili wakataka ya namna hiyohiyo. Kwa mafundi wa samani kama yeye, cherehani si cherehani tena. Ni miguu.

Mama akaja Jumatano. Akazunguka, akagusa pazia, akasema, "Pazuri." Akaweka begi nyuma ya mlango, akakaa pembeni ya kitanda kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Jumatano ikapita. Alhamisi alitoa gauni moja kwenye begi, akavaa, akafunga zipu. Msasa akadhani labda taa inamuumiza macho, akabadilisha balbu. Ijumaa akadhani kitanda kimekaa vibaya. Akakigeuza, mgongo wake ukalia kabla ya kitanda kulia. Mama akasema tena, "Pazuri, baba. Asante." Lile "asante" lilimchoma. Mama yake hakuwahi kumshukuru kwa kitu tangu azaliwe. Alikuwa anamtuma tu.

Jumamosi asubuhi akaamshwa na sauti: kwii, kwii, kwii. Akachungulia. Mama alikuwa kwenye ile meza, kanyagio linapanda na kushuka chini ya miguu yake, gurudumu linazunguka. Mikono iko juu ya ubao, inasukuma kitambaa ambacho hakipo.

"Kichwa chake umekipeleka wapi?" mama akauliza bila kugeuka.

"Kichwa gani?"

"Chako najua kilishapotea. Cha hii."

"Mama, hiyo ni meza. Ndiyo mtindo."

"Mtindo!" Akasimamisha miguu. "Sare za mtaa mzima nimeshona kwenye kitu kama hiki. Wewe umelala chini yake juu ya vipande vya kitambaa mpaka ukaota meno. Yangu mke wa kaka yako alisema inapiga kelele, ikauzwa. Na wewe umeleta nyingine ukaikata kichwa."

"Nilitaka upumzike."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ya nne, nimekaa hapa kama hiyo taa yako. Hata ukuta naogopa kuuegemea. Kwa kaka yako nilichoka mwili, hapa nimechoka mimi mwenyewe. Bora akija niende."

Msasa akavaa shati kinyume, akashuka ngazi.

Mzee Kutu alikuwa anakunywa chai. Kichwa cha cherehani kilikuwa juu ya pipa la maji, kinakandamiza kifuniko.

"Mzee, nimefuata kile kichwa."

"Si ulisema, 'Kichwa baki nacho, mimi shida yangu miguu'? Nikajua huyu kijana kapata mchumba."

"Mzee, sina nguvu za kucheka."

Mzee Kutu akamtazama. "Chukua. Ila pipa langu usiliache uchi." Msasa akatafuta jiwe, akalipandisha juu ya pipa, akabeba kichwa begani. Ngazi za ghorofa tatu zilikuwa kama sita.

Kukata ule ubao kulimuuma kuliko ngazi. Vanishi mara tatu! Akachora mstatili, akatoboa kwa keekee, akaingiza msumeno, macho anayafumba kama anachinja. Akafunga bawaba, akatia mafuta, akakwama: mkanda wa kuzungusha haupo.

"Vua mkanda wa suruali," mama akasema.

"Huu wa ngozi kabisa!"

"Kwani nimesema nataka wa karatasi?"

Akavua. Mama akaenda nyuma ya mlango, akavuta zipu ya begi mpaka mwisho, akamwaga kila kitu kitandani. Chini kabisa kulikuwa na mkasi, futi, na sindano kwenye kopo. Akachana ile ngozi uzi mwembamba ulionyooka kama umepimwa na rula. Msasa akakaa chini, suruali ameishika kwa mkono, akaegemea ukuta. Mama akaangalia juu.

"Hilo pazia nani alilipinda, mbuzi? Lishushe."

Kaka alipofika mchana, chumba kilikuwa hakifai kupigwa picha. Pazia liko sakafuni, ubao una kidonda, mashine inapiga kelele ile iliyomkera shemeji.

"Mama, twende?"

"Shika hapo uvute, isijikunje."

Kaka akashika. Akaangaza macho nyuma ya mlango. "Begi liko wapi?"

Mama hakuinua kichwa. Alinyoosha mkasi kuelekea kitandani, ambako begi lilikuwa limelala limepasuliwa pande mbili. Zipu yake ilikuwa tayari chini ya sindano, inashonwa kwenye foronya.