Zamu ya Tsongo

Fyuu! Sauti moja, fupi, ilitoka mlima wa pili na kukatika kama kikohozi cha mtu aliyejificha. Ednah aliweka chini beseni la maji ya kumwoshea marehemu baba yake, akatega sikio.

"Huyo ni Bwambale," alisema mama yake, Kaswera. "Anaijaribu filimbi yake. Miaka miwili imekaa darini."

Pale kijijini Karambi kila mtu alijua deni la heshima aliyostahili Tsongo, baba yake Ednah. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa eluma, filimbi saba za wanaume saba, kila moja na sauti moja tu. Mmoja hupuliza, akampisha mwenzake, na kwa zamu hizo wimbo huzaliwa. Mzee kama yeye hashushwi kaburini bila wimbo huo. Lakini tangu machafuko ya Kasese ya mwaka 2016, karatasi ilibandikwa kwenye kituo cha polisi: watu zaidi ya watano wasikutane bila kibali, ngoma na filimbi marufuku.

Ednah, aliyezoea kubishana na wanunuzi wa mpunga wake kule Mubuku, alijifunga leso akateremka kituoni. Alimkuta Afande Oryem, mtu wa kaskazini, akimenya chungwa.

"Kibali ya kuzika iko, mama. Ya filimbi, hakuna."

"Afande, mutu moja akipuliza filimbi kwake nyumbani, hiyo ni mkutano?"

Oryem aliisoma karatasi juu hadi chini, akafunua na nyuma yake, ambako hapakuwa na kitu.

"Mutu moja si mkutano."

"Na mwingine, kwake, ng'ambo ya bonde?"

"We mama, unataka nifukuzwe kazi?" Lakini macho yake yalikuwa yakicheka. "Huyo pia ni mutu moja. Nitakuja mwenyewe nisikilize."

Habari zikapita mlima hadi mlima: kila mpigaji abaki uani kwake, jua likifika utosini asubiri filimbi ya Tsongo ianze.

Mchana ule, kando ya kaburi migombani, Ednah aliinua filimbi ya baba yake. Fyuu! Bwambale akajibu. Kisha wakajibu wawili kwa pamoja. Kisha kimya. Kisha mwingine, peke yake, kama mbuzi aliyekata kamba. Waombolezaji wakainamisha macho.

"Ndiyo wimbo hiyo?" Oryem aliuliza kwa sauti ya chini.

Ednah alikuwa akistaajabu. Hakuna askari aliyewapokonya filimbi, wala aliyewachapa wapigaji. Walitenganishwa tu, miaka miwili, na sasa kila mmoja aliijua sauti yake lakini amesahau anamfuata nani. Kumbe ile karatasi ilikuwa na akili kuliko bunduki!

"Unakimbia," Kaswera alimwambia. "Baba yako alikuwa akiwangoja. Miaka arobaini nzima nimewapikia, nawajua. Anza tena, uwangoje."

Akapuliza, akangoja. Akapuliza, akangoja. Mara ya tatu Bwambale aliingia, wa pili akamfuata, wa tatu, wa nne, wa tano, na wimbo ukazunguka mabonde ukiwa na pengo moja, kama kinywa kilichong'oka jino. Kwa wimbo huo wenye pengo jeneza likateremshwa.

Oryem alikuwa amevua kofia. "Pale katikati, mbona kimya?"

"Pale ni pa Davis," Ednah alimwambia. "Filimbi zilipokatazwa alihamia Kasese mjini. Hakuna aliyejifunza zamu yake."

Ednah akapiga goti, akachota udongo. Hakunong'ona, alisema kwa nguvu, askari asikie, na milima isikie.

"Baba, kesho kutwa ninakwenda Kasese kwa Davis. Zamu yake nitajifunza mimi, na yako nitamfundisha mwingine. Siku ya kuondoa matanga utausikia mzima, hata kama itabidi tusimame kwenye milima saba."