Usukani wa Jórun

Tangu Tummas azikwe mwezi wa pili, hapana mtu aliyevuka kizingiti cha mjane wake, Jórun. Kijiji chao cha visiwa vya Faroe ni kidogo, mtu akikohoa jirani anasikia. Lakini watu walimpungia mkono kwa mbali, wakainamisha vichwa, wakapita zao.

Kwa miaka mingi Jórun ndiye aliyeshika usukani wa mashua ya kijiji katika mashindano ya makasia. Kila mwaka, theluji ikishayeyuka, shemeji yake Hanus, mdogo wake Tummas, alikuja kumwita mazoezini. Safari hii hakuja. Jórun alingoja, akajipa moyo, akangoja tena. Asubuhi ya mashindano alikuwa dukani akinunua maziwa aliposikia kwamba Sunnvá, binti wa mchungaji wa kanisa, ndiye atakayeshika usukani. Maziwa aliyaacha hapo hapo.

Aliteremka gatini mbio, koti halijafungwa vifungo. Wapiga makasia sita, Hanus akiwamo, walikuwa wakiishusha mashua majini. Walipomwona wakatazama chini kama watoto waliofumaniwa jikoni.

“Shemeji,” alisema Hanus, “tulikuheshimu. Tulisema tukuache uomboleze kwa amani.”

“Amani gani? Nimekaa na ukuta miezi minne.”

“Hatukutaka kukusumbua.”

“Ungekuja ukabisha hodi, nikakwambia ondoka, ukaondoka, hiyo ningeiita heshima. Wewe hata mlango hukuufikia. Mmenitupa, Hanus, halafu mkautafutia utupaji wenu jina zuri.”

Hanus macho yalimjaa machozi. Kwa sauti ya chini akakiri kwamba kila alipoikaribia nyumba ile alimwona kaka yake dirishani, miguu ikamgeukia nyuma. Jórun hakuwa amelifikiria hilo hata siku moja. Hasira haikumwisha, ila ilipungua makali.

Sunnvá, aliyekuwa amekaa nyuma ya mashua rangi imempotea usoni, alisimama upesi. “Mama Jórun, njoo ukae. Mimi tangu jana chakula hakipiti.”

Watu wote wakacheka, na Jórun akajikuta ameingia mashuani.

Mlio wa kuanza uliposikika, mashua tano zilichomoka pamoja. Mawimbi yalikuwa mafupi na yenye hasira, upepo ukiwapiga ubavuni. Jórun aliinama mbele akaanza kuita mapigo, sauti ikimtoka kwa mikwaruzo, maana haikuwa imetumika kwa siku nyingi. Vuta! Vuta! Wakaipita mashua ya kwanza, kisha ya pili. Huko ukingoni watu walikuwa wakikimbia sambamba nao juu ya mawe, wakipunga kofia. Akamwona Hanus mbele yake, meno ameyauma, shingo imevimba mishipa, akamfokea kama zamani: “Shemeji, unapiga kasia au unakoroga uji?” Hanus akacheka huku akihema, akavuta kwa nguvu ambazo Jórun hakujua kama bado anazo. Wakaipita ya tatu. Mashua ya mwisho, ile nyekundu ya kijiji cha ng’ambo, waliikaribia hadi Jórun akasikia pumzi za waliokuwa ndani yake, ncha kwa ncha, na hapo mstari wa kumalizia ukafika.

Walishindwa kwa urefu wa mkono. Jórun alikuwa amelowa mpaka shingoni, sauti imekauka kabisa, na mwili mzima ukimtetemeka kwa furaha.

Alasiri ile viatu vilirundikana mlangoni pake. Walikula nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo, wakanywa kahawa, wakabishana juu ya kila pigo la kasia. Kwa muda mrefu hapana aliyethubutu kumtaja marehemu. Hatimaye Hanus akaweka kikombe chini, akaanza kusimulia mwaka ule Tummas alipoanguka majini mbele ya askofu, suruali ikachukuliwa na maji. Aliposema jina hilo chumba kizima kilimtazama Jórun.

“Endelea,” alisema kwa ile sauti yake iliyokwaruza. “Umelisahau neno alilosema askofu.”