Samaki ya Mugeni ku Ziwa ya Kalumbi

Toka Kasongo mpaka Kabambare moto yetu, ile pikipiki, ilianguka mu matope mara sijue ngapi, na miye njo nilikuwa nyuma, nimekumbatia sanduku ya barafu sawa bibi harusi. Docta Clémentine alikuwa mbele, ku moto ingine. Zamani alikuwa anacheka mizaha yangu. Mwaka hii, hapana. Ilikuwa safari yake ya mwisho. Wale wenye kumutuma walisema utafiti unatosha.

Kalumbi iko ziwa ndogo, upande wa Lusangi. Wachimbaji walikuwa wanasafishia zahabu pale na mercure, ile dawa ya kung'aa yenye kukamata zahabu. Ingine ikabaki mu matope, samaki ikaikula, watu wakakula samaki. Chefu, mutawala wa pale, akafunga ziwa. Toka pale docta anakuja kila mwaka, anachota matope, anakamata samaki, anapeleka mu labo ya kupimia sumu, anarudisha jibu: bado. Miye ninamubebea vyombo. Nilisoma shimi, ile kemia, kule Kindu, nikaachia katikati, kwa hiyo ninajua mwanzo wa kila kitu.

Lakini mwaka jana sumu ilikuwa imepunguka. Samaki ya mwaka hii ikionekana safi, chefu anafungua. Mwenye kungojea kupita wote ni mama Léocadie, mukubwa wa wanamuke wenye kuvua na vitunga. Kitunga yake iko inaning'inia ku ukuta toka ziwa ilifungwa, buibui wamejenga ndani.

— Mungwana wa Kasongo! akaniita tulipofika. Matope imekuoa?

— Imekataa, mama. Inasema nimezeeka.

— Ina macho, ile matope.

Tukatega nyavu magaribi, tukalala na nguo ya maji. Asubui tukavuta. Nyavu ilikuwa nzito! Samaki ya mafuta, ya mugongo munene. Miaka yote tulikuwa tunapata mbili, tatu, za kukonda sawa kijiti. Docta akakaa chini mu matope palepale.

— Assumani, imepona, akasema. Ziwa imepona.

Akaanza kukata vipande, anatia mu saché za plastiki. Miye nikashika samaki moja. Macho yake ilikuwa imekuwa meupe. Mashavu yake imepasuka, na ndani kipande ya kamba ya muti, ile mbichi yenye wauzaji wanatungia samaki ku soko.

Miye ni mutu wa mizaha toka masomo ya primere. Kazi ya fundi mwenzangu ninaitambua.

— Docta, hii samaki ilikuja na kamba.

— Assumani, tafazali. Leo hapana.

— Sicheki.

— Ni vile unasemaka siku zote.

Nikamuwekea ile kamba mu kiganja. Akaiangalia murefu. Akafungua mashavu ya ingine, na ingine.

— Nikisema sikuona, akasema polepole, nani atajua?

Na miye nilikuwa nimechoka, na miye nilitaka iishe. Akafuta kisu ku pagne aliyojifunga.

— Mwite mama.

Mama Léocadie akakuja bila haya hata kidogo.

— Ni ya mu muto ya Luama, akasema. Nilituma watu jana, wakaitia mu nyavu yenu usiku. Kila mwaka munabeba vile vijiti vya samaki, munaenda kuonyesha watu wa mbali. Wanasema nini juu yetu? Mugeni anatoka ku maji yangu na samaki ya vile? Safari hii nikasema, docta wangu ataenda na kitu ya heshima.

— Mama, docta akasema, nikipeleka hii, labo itasema Luama ni safi. Kalumbi haitasema kitu. Na chefu atafungua, na wajukuu wako watakula.

Mama Léocadie akaangalia ziwa. Alikuwa na wajukuu wengi. Akakamata kona ya kitambaa yake, akaikunja, akaikunjua.

— Basi, tutupe?

— Kutupa samaki ya mugeni? Docta akasimama. Tuko na njaa, mama.

Akatoa vipande mu saché, kimoja kimoja, akavisafisha, akatia mu chungu mwenyewe. Tukakula na bugali na sombe ya majani ya muhogo. Ilikuwa samaki tamu sana. Hakuna mutu alisema muzaha, hata miye.

Magaribi tukatega tena. Asubui nyavu ilikuwa na moja tu, ya kukonda. Mama Léocadie akaingia mu maji mwenyewe, akaitoa, akaiweka mu sanduku, akaifunika na barafu sawa mutoto.

— Itatosha?

— Hapana, mama. Moja haiwezi kufungua ziwa. Na barafu inaisha, lazima tuende leo.

— Na mwaka kesho nani atapima?

Docta akamushika mukono. Hakuwa na jina ya kumupa.

Tulipowasha moto zetu, nikaona mama anapangusa buibui mu kitunga yake. Akaigeuza, akaiangalia chini, kisha akairudisha ku ukuta.

Ku njia sanduku ilikuwa nyepesi, inarukaruka ku magoti yangu. Moto ya docta ikapunguza mwendo, ikatungojea.

— Assumani, sema kitu ya kuchekesha.

Nikatafuta. Nilitafuta mpaka Kabambare.